Usisubiri kikao cha ukoo

Dada, umeuliza kama umfuate mwanao wa miaka 3 kwa wifi yako, au usubiri kikao cha ukoo, baada ya kumwona ana damu iliyovilia sikioni na ubavuni. Mfuate leo.

Mtoto mtundu huumia magoti, ugoko, paji la uso. Sikio, shingo na tumbo ni nadra kuumia kwa kuanguka tu, na kwa mtoto wa chini ya miaka 4 alama hizo huwashtua madaktari. Mpeleke hospitali moja kwa moja hata kama anacheza, maana pigo la tumbo linaweza kupasua ini au utumbo huku nje hapaonekani kitu. Mwambie daktari waziwazi unachoshuku. Tafadhali usiseme "alianguka" ili kumsitiri wifi. Kisha polisi au ustawi wa jamii. Mtoto usimhoji-hoji, msikilize na uandike maneno yake kama alivyoyatamka.

Watasema unavunja undugu. Waache waseme, ila usikubali arudi kule "wakati mambo yanazungumzwa". Na kama nyumba ile ina watoto wengine, wataje nao unapotoa taarifa.