Shangazi, mume wangu anaongea na simu akishuka Kitonga

SWALI: Shikamoo shangazi. Juzi nilipanda basi la Mbeya nikakaa siti ya mbele kabisa, dereva kaweka simu kwenye paja anachati, mara anacheka peke yake, kila saa macho chini. Nikaguna, mama aliyekaa nyuma yangu akasema mwache baba wa watu mbona anaendesha vizuri tu. Basi nikanyamaza, tumbo joto mpaka tunafika. Sasa nimeanza kumuwaza na mume wangu, anapeleka mzigo Tunduma na lori, nikimpigia anapokea hapohapo ila anaweka spika, anasema mikono yote iko kwenye usukani. Hiyo haina shida eti? – Mama wawili, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Basi likiwa spidi 80 linakula mita 22 kila sekunde, sasa soma kimeseji cha sekunde 5 tu, ushapita mita 110, yaani uwanja mzima wa mpira umefumba macho, na njia hiyo inakatiza hifadhi ya Mikumi karibu kilomita 50, pundamilia akiamua kuvuka hakusubiri umalize kuandika. Siku nyingine usiishie kuguna. Ila usimpigie kelele dereva, atageuka kukujibu halafu ndo mmekwisha, mwite konda umwambie taratibu, akipuuza ngoja mkishuka kuchimba dawa umfuate dereva mwenyewe, au mwambie trafiki atakayewasimamisha. Yule mama wa nyuma atanuna, anune tu.

Haya, twende kwa baba watoto, na hapa hutanipenda. Spika inaachia mikono, akili haiachii. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali kama mara 4 ya asiyetumia, na ya kutoshika mkononi nayo haina unafuu wa maana. Fikiria anarudi, anashuka Kitonga na lile lidude lake, kona juu ya kona, wewe unamwambia mwenye nyumba kaja asubuhi kafoka mbele ya watoto. Macho yako barabarani ila anachokiona ni sura ya mwenye nyumba! Utingo aliyekaa pembeni yake akiona kona mbaya anafunga mdomo mwenyewe, wewe uko Kibaha unakatakata mchicha, kona utaionea wapi, unaendelea tu.

Kwa hiyo kubalianeni yeye ndo apige akishapaki, Ruaha Mbuyuni, Makambako, popote anapokula. Ukikosea ukapiga akapokea, uliza kwanza "umesimama?", akisema bado, kata, hata kama una la mwenye nyumba. Siku za mwanzo utahangaika najua. Mimi wangu aliendesha basi enzi ambazo simu ilikuwa ya posta, akiondoka Jumatatu sauti yake naisikia tena Alhamisi usiku anagonga mlango, na anadai chakula cha moto.