Mpelekeni hospitali leo, kikao cha ukoo kitasubiri

Mleta mada, unasema binti wa shangazi yako amebakwa jana usiku na rafiki yake, wazee wameitisha kikao Jumamosi, nawe unauliza kama kuna kesi ilhali alikwenda kwa huyo kijana kwa miguu yake, na mchumba wake aambiweje. Jumamosi ni mbali mno. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe. Zitieni kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Mdogo wangu yalipomfika hayo, mzee mmoja jirani yetu wa Mbagala, aliyejitapa kwamba aliwahi kuwa karani wa mahakama, alitushauri tumwogeshe maji ya moto, tumfulie nguo, kisha tukae na upande wa pili kama watu wazima. Tulimsikiliza kwa adabu, na nauli tukampa. Gauni, ambalo ndilo lililokuwa ushahidi wetu, likafuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa kambani, likipunga upepo mbele ya mtaa mzima. Upande wa pili ulikuja na kreti ya soda. Tulipofika hospitali baada ya vikao vyote hivyo, daktari alisoma tarehe ya tukio, akaweka kalamu chini, kwa sababu dawa za kumkinga mtu na VVU huanzishwa ndani ya saa 72, na sisi saa hizo tulizinywea soda. Karani yule mpaka leo anatoa ushauri, tena bure, na kwa bei hiyo bado ametupunja.

Hilo la "alikwenda mwenyewe" lisiwayumbishe. Aliyekubali kukaribishwa chumbani hajakubali tendo, na aliyenyamaza kwa hofu hajaridhia. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinaeleza kwamba ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho haihesabiki, na kwamba si lazima mwili uwe na majeraha ya kupambana ndipo ithibitike kuwa hakuridhia.

Pale hospitali ya Amana, Ilala, Dar es Salaam, kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kwingineko, pitieni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama ameshaoga, mpelekeni hivyo hivyo, maana saa za dawa bado hazijaisha.