Mmemsahau nyapara

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Joto likizidi kazini, nani achukue hatua ya kwanza: serikali, mwajiri au mfanyakazi mwenyewe?" Nimelisoma swali hilo mara mbili nikijitafuta ndani yake, sikujiona. Mimi ni nyapara. Natandaza lami, huu ni mwaka wa kumi na saba, na kwa sasa kikosi changu kiko kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye bonde la Nile, si mbali na daraja la Pakwach. Jibu langu ni kwamba hatua ya kwanza ni ya mtu kama mimi. Nitaeleza kwa nini, nikianzia siku ambayo sikuichukua.

Ilikuwa Februari, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na kampuni nyingine ambayo sina haja ya kuitaja. Watu wa reki, wanaosawazisha lami ikiwa moto, walikuwa wamenipungukia, nikaletewa vijana wanne kutoka Kisoro. Asiyeijua Kisoro ajue kwamba ni nchi ya milima, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na sweta huko si urembo. Bonde letu hapa liko kwenye mita 620 hivi, na kiangazi joto la kivulini hugusa nyuzi 35 na kupita. Vijana walisafiri mchana na usiku, wakashuka kwenye basi alfajiri, wakanywa chai. Saa moja asubuhi nikawakabidhi reki.

Lami hushuka kwenye lori ikiwa na nyuzi 150 hivi. Kwa hiyo mtu wa reki ana jua kichwani na tanuri miguuni, na katikati amevaa ovaroli nzito, buti na kizibao cha kung'aa. Saa saba mchana kijana mmoja akaanza kuvuta reki upande usio wake. Nikamfokea. Akajibu maneno nisiyoyaelewa, nikadhani anazungumza Kifumbira. Mwenzake akaniambia, "Mzee, hata sisi hatumwelewi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimamisha kazi. Sikusimamisha. Dakika chache baadaye akaanguka. Na sisi, kama Waganda wengine wote, mwili ukichemka tunajua jina moja tu: malaria. Tukampakia nyuma ya pikapu, mtu mwema akamfunika koti, dereva akaenda dakika arobaini hadi kituo cha afya. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mama mganga wa zamu hakusubiri majibu ya kipimo: alimvua nguo, akaagiza ndoo za maji, akammwagia huku akipepewa kwa maboksi. Kisha akatugeukia: "Maji hamkuwa nayo huko barabarani?" Tulikuwa nayo. Tulikuwa na bauza zima, yaani lori la tangi, la maji ya kumwagilia changarawe, lita elfu kadhaa, limeegeshwa mita hamsini kutoka pale alipoanguka. Kijana alipona, akarudi kwao baada ya wiki mbili, na sikumlaumu alipokataa kurejea.

Alichopata kinaitwa kiharusi cha joto. Joto la mwili hupita nyuzi 40 na ubongo ndio wa kwanza kulalamika: mtu anachanganyikiwa, anayumba, anagomba bila sababu. Wengi hudhani mtu wa namna hiyo lazima awe mkavu. Si kweli, anayefanya kazi ya nguvu anaweza kuanguka huku jasho likimtoka. Dawa ni kumpoza palepale alipo, kwa maji mengi na upepo, na gari liitwe wakati maji yanamwagwa. Nililijua hilo siku nikiwa nimeshakosea, na tangu siku hiyo bauza halitoki kazini hata kama changarawe imelowa.

Lakini kosa langu halikuwa saa saba mchana. Lilikuwa saa moja asubuhi, nilipotoa reki.

Mwili wa binadamu hujifunza joto, kama mguu unavyojifunza kiatu kipya. Siku za mwanzo jasho huchelewa kutoka, na likitoka linabeba chumvi nyingi. Moyo unapiga mbio kwa kazi ndogo. Baada ya wiki moja hadi mbili za kazi kwenye joto, mambo hubadilika: jasho huanza mapema, huwa jingi, chumvi yake hupungua, na mapigo ya moyo hutulia. Kujikaza hakufupishi siku hizo. Na somo lenyewe husahaulika: mtu akikaa kwao wiki mbili msibani au shambani, anarudi akiwa karibu mgeni tena. Ndiyo maana vifo vingi vya joto kazini huwapata watu wa siku za kwanza. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ililijua jambo hili karne iliyopita. Walikuwa wakiwazoesha wachimbaji wapya kwenye vyumba vya joto kabla ya kuwateremsha chini kabisa.

Kanuni ninayoifuata sasa inatoka Marekani kwa watafiti wa afya ya kazini, nami niligawiwa katika mafunzo: mgeni afanye sehemu ya tano ya kazi ya joto siku ya kwanza, kisha uongeze sehemu ya tano kila siku. Aliyewahi kuizoea kazi akatoka, aanze na nusu. Kwangu maana yake ni kwamba kijana mpya anashika reki kwa muda wa saa moja na nusu hivi tu Jumatatu, tena asubuhi. Saa zilizobaki anahesabu malori, anasafisha vifaa kwa dizeli, anapeleka maji, na posho yake ya siku hailiwi hata shilingi. Hili la mwisho lisipokuwapo yote yanaharibika. Ukimkata hela, kesho atakuapia kwamba amezaliwa Moroto na jua analijua tangu tumboni.

Nani mwingine anaweza kufanya hivyo? Serikali inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, nayo inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Vizuri. Mkaguzi lakini hayupo saa moja asubuhi basi linapofika. Mwajiri yuko ofisini Kampala. Kijana mwenyewe, ambaye swali lenu linamtaja, hajui kwamba hajui, na hata angejua asingesema, maana nyuma yake wapo kumi wanaotaka nafasi hiyo. Anayebaki ni mwenye orodha ya majina na saa mkononi.

Hata hivyo sitaki mwajiri apumue. Nyapara hupimwa kwa mita. Jioni nikipiga simu, swali ni moja: mmetandaza ngapi? Na lami haisubiri. Lori likishafika, ni lazima itandazwe na kushindiliwa kabla haijapoa. Wahandisi wanalipenda jua la mchana kwa sababu linaipa rola muda zaidi. Kwa hiyo mapumziko ya kutangaza kwa filimbi kila baada ya saa moja ni ndoto kwetu. Nilichoweza kufanya ni kubishana kuhusu malori: la kwanza liwe hapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kati ya lori na lori pawe na nafasi, na kuanzia saa saba hadi saa tisa lisije hata moja. Ilinichukua miezi minne kukubaliwa. Mita zilipungua wiki mbili za mwanzo, kisha zikarudi, kwa kuwa watu waliopumzika hawarudii kazi mara mbili.

Vijana wetu waliotoka Qatar ndio walionipa ujasiri wa kubishana. Kule, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za nje juani zimepigwa marufuku kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Tena, saa yoyote ile, kuna kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, upepo na ukali wa jua, kikifika 32.1 kazi inasimama. Mmoja wa madereva wangu wa rola alifanya kazi Doha. Machi 2024 jirani zetu wa Sudan Kusini walipofunga shule nchi nzima kwa ajili ya joto, sisi upande huu tulikuwa tunatandaza lami kama kawaida. Akaniambia, "Mzee, Qatar tulilia, lakini mchana tulilala."

Kuhusu maji mnajua: kikombe kila dakika 15 au 20 bila kusubiri kiu, na si zaidi ya lita moja na nusu kwa saa. Kiangazi hewa hapa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudanganyika kwamba hatoki jasho. Chakula chenye chumvi kinatosha wengi. Na aliyekesha na waragi, pombe kali yetu, simpi reki, hata akinuna. Huyo ameshapungukiwa maji kabla jua halijachomoza.

Ila kuna watu ambao maji hayakuwafaa, na ilinichukua muda mrefu kuelewa. Ni kina dada wanaoshika bendera za kuongoza magari. Wanasimama peke yao, kila mmoja mwisho wake wa barabara, kutwa nzima. Niliwapa chupa kubwa kila asubuhi, jioni zikawa zinarudi zimejaa. Nilidhani ni ukaidi. Mama mpishi wetu ndiye aliyenifungua macho: "Wakinywa, watajisaidia wapi?" Wanaume wanageuka nyuma ya lori, yanakwisha. Wao waliamua kukaa na kiu kuanzia asubuhi. Tukajenga vyoo viwili vya maturubai, vya kuhamishika, na kumweka mtu wa kuwapokea bendera kila baada ya saa moja. Chupa zikaanza kurudi tupu. Mama mpishi mwenyewe, nikiri, bado yuko kwenye banda la mabati na mafiga matatu ya kuni, na pale ndani ni moto kuliko kwenye lami. Mabati nimeshaagiza yaondolewe, tuezeke nyasi.

Jumatatu hii wamefika vijana sita, wawili wanatoka Kabale, nako ni milimani. Mmoja amenijia jana akiwa ameudhika: "Mzee, mbona unanipa kazi za watoto?" Nimemwambia aniulize tena Jumamosi. Leo ni Jumatano, yuko chini ya mwembe na daftari la malori, hanisalimii.