Sumaku peke yake haitoshi: kwa mafundi wa vitambua moshi vya kwenye dakti

Wiki iliyopita kijana mmoja fundi wa Mwanza aliniandikia. Yuko kwenye kampuni inayohudumia mifumo ya tahadhari ya moto. Bosi wake amemwelekeza kwamba akifika kwenye vitambua moshi vya kwenye dakti, yaani njia za bati zinazosambaza hewa ya viyoyozi, apitishe sumaku, taa nyekundu ikiwaka aandike "nzima" na asaini. "Shikamoo kaka," akaniandikia, "hivi ndivyo inavyofanywa kweli, au nina wasiwasi wa bure?"

Marahaba, mdogo wangu. Wasiwasi wako si wa bure. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua hauko peke yako, na kwa sababu jambo hili limewahi kunigharimu.

Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe, maana hata wenye majengo wengi hawaielewi. Kitambua moshi cha kwenye silingi kinamlinda mtu aliyelala chini yake. Cha kwenye dakti kinalilinda jengo dhidi ya feni zake. AHU moja, yaani mashine kubwa yenye feni inayopoza hewa na kuisukuma kwenye dakti, inalisha hewa ghorofa nzima, wakati mwingine ghorofa kadhaa. Moshi ukiingia kwenye hewa inayorudi, feni ile ile tunayoishukuru kwa ubaridi wakati wa joto la Januari itaubeba na kuumwaga kwenye vyumba ambavyo moto haujafika wala hautafika. Ndiyo maana kile kiboksi kikinusa moshi kinatakiwa kuizima feni, kufunga dampa za moshi, yaani vile vizibo vya ndani ya dakti, na kupeleka taarifa kwenye paneli ya mfumo wa moto. Na ndiyo maana kiwango cha NFPA 90A, cha shirika la Marekani la kukinga moto, ambacho mafundi tunakutana nacho kwenye michoro ya majengo makubwa, kinakidai kwenye mitambo inayopeleka hewa zaidi ya lita 944 kwa sekunde.

Anayedhani ni mambo ya makaratasi asome habari za hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas. Tarehe 21 Novemba 1980 moto ulianzia kwenye mgahawa wa ghorofa ya chini. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa juu kabisa, mbali na miali. Waliuawa na moshi uliopanda kwa ngazi, kwa mashimo ya lifti na kwa mifumo ya hewa. Huwa nawakumbuka watu hao kila nikifunga mfuniko wa kitambua moshi, na ningependa kila fundi awakumbuke kabla hajashika kalamu.

Sasa sumaku. Ndani ya kiboksi mtengenezaji ameweka swichi ndogo inayoitikia sumaku. Ukiisogeza, kifaa kinafanya kana kwamba kimenusa moshi: taa inawaka, paneli inalia, feni inazima. Umepima nini hapo? Umepima waya, rilei (swichi ya umeme inayoizima feni) na paneli. Ni kazi ya maana, sisemi uiache. Ile swichi ya funguo ya kujaribia kifaa, iliyofungwa ukutani chini, inapima hayo hayo. Lakini hujapima kama moshi una njia ya kukifikia kihisi, na matatizo ya vitambua moshi vya dakti mengi yako hapo.

Kiboksi kinakaa nje ya dakti. Kinachoingia ndani ni mirija: mmoja mrefu unaokatiza upana wa dakti, wenye matundu yanayotazama upepo unakotoka, na mwingine wa kurudishia hewa. Upepo ukipiga matundu, presha ya upande wa kuingilia inazidi ya upande wa kutokea, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma hewa ipite kwenye kihisi. Hakuna pampu wala feni ya ndani. Ni tofauti hiyo tu, na ni ndogo mno: vifaa vingi nilivyovishika vinataka isipungue paskali 2.5 hivi na isizidi 276 hivi. Matundu yakigeuzwa, kizibo cha mwisho wa mrija kikidondoka, mpira wa mfuniko ukikauka na kuvujisha, au vumbi likiziba, kihisi hakipati hewa ya ndani ya dakti. Sumaku itaendelea kukuambia kila kitu ni salama.

Haya niliyasoma kwenye vitabu vya watengenezaji nikayaelewa. Kilichonifanya nishindwe kuyanyamazia ni hoteli moja ya ufukweni.

Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilipata mkataba wa kuhudumia mfumo wa moto wa hoteli hiyo. Faili tulilokabidhiwa lilipendeza macho: robo mwaka baada ya robo mwaka, kila kitambua moshi cha dakti "nzima", saini, muhuri. Nikaomba AHU ziwashwe, nikapanda na manomita, kifaa cha kupimia tofauti ya presha. Fundi wa viyoyozi wa pale, mzee mmoja mpole, akauliza kile kidude cha nini. Nikamwonyesha: mpira huu unaingia upande wa kuingilia hewa, huu upande wa kutokea, halafu unasoma. Kitambua moshi cha kwanza kikasoma vizuri. Cha pili kikasoma sifuri.

Sifuri, na feni inaunguruma hadi bati la dakti linatetemeka. Nikagusa sumaku, paneli ikalia bila shida yoyote. Tukazima feni, nikalegeza skrubu, nikauvuta mrija polepole. Matundu yalikuwa yanatazama upepo unakokwenda. Upande wa pili, ule usio na tundu hata moja, vumbi lilikuwa limegandia gumu na jeusi kama masizi ya chungu cha kuni, ishara kwamba mrija ulikaa hivyo tangu siku ulipofungwa. Mzee aliutazama, akaupokea mkononi mwangu, akaugeuzageuza. "Mwanangu," akasema, "kumbe hiki hakijawahi kunusa kitu."

Tukaendelea. Kimoja mrija wake uliishia sentimita chache ndani ya dakti yenye upana wa zaidi ya mita. Aliyefunga bila shaka alikuwa na mrija mfupi na hakutaka kurudi kutafuta mwingine. Kimoja nilifungua mfuniko nikakuta matone ya maji yamejipanga kwenye pembe za boksi, na vichwa vya skrubu za waya vimeota ukijani. Hiyo ni kazi ya hewa yetu ya pwani: ndani ya dakti ni baridi, juu ya silingi ni joto na unyevu, mpira wa mfuniko ukivuja hivyo viwili vinakutana na maji yanatokea. Kifaa kikifika hapo kinaanza kupiga kengele za uongo, wageni wanalalamika, mtu anaamriwa akizime kwenye paneli "kwa muda". Muda huo haurudi kuulizwa.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa juu ya silingi karibu na jikoni. Kiboksi kilikuwepo, kimeshikiliwa na skrubu zake, waya zote zimeunganishwa kwa unadhifu. Nikakifungua kutoka ukutani mwa dakti nione mirija. Hapakuwa na mrija. Hapakuwa hata na tundu kwenye bati. Bati zima, linang'aa, halijawahi kuguswa na keekee. Kwenye faili kifaa hicho kilikuwa "nzima" kila robo mwaka, na kwa kipimo cha sumaku ni kweli kilikuwa kizima.

Nikaandika ripoti kama nilivyoona, na picha. Mkuu wa matengenezo aliisoma mbele yangu, akaniuliza muuza vifaa amenipa shilingi ngapi. Mkataba ulipoisha hawakuuendeleza, wakachukua watu wa bei nafuu zaidi. Bosi wangu akasema nimemkosesha mteja kwa ujuaji. Nasema ukweli, iliniuma, na nikiandika hapa bado inauma. Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga, na kazini nikawa mtu ambaye akiingia chumbani mazungumzo yanakatika. Ripoti yenyewe sijaijutia hata siku moja.

Mwezi uliopita simu ikaita. Uongozi wa hoteli ile umebadilika, mhandisi mpya ameikuta ripoti kabatini, akapanda darini mwenyewe kuhakikisha, kisha akanitafuta. Tumefunga mirija mipya yenye urefu unaotakiwa, tumetoboa bati lililokuwa halijatobolewa, tumebadilisha mipira ya mifuniko. Siku ya majaribio tulipuliza moshi wa majaribio ndani ya dakti, nyuma kabisa upepo unakotoka, na mzee yule yule wa viyoyozi akiwa amesimama kando ya AHU. Tukangoja. Feni ikanyamaza yenyewe, na huko mbele dampa ikajifunga kwa kishindo. Mzee akanishika mkono akautikisa kwa nguvu. Nilijisikia fahari, na nina haki ya kujisikia hivyo.

Basi mdogo wangu, ufanye hivi. Kabla hujagusa kitu, waambie watu wa chumba cha kontroli na watu wa viyoyozi, uweke paneli kwenye hali ya majaribio, uandike kila ulichokizima. Hakikisha feni inazunguka. Kupima kitambua moshi cha dakti feni ikiwa imezimwa ni kupoteza muda, maana bila upepo hakina hewa ya kunusa. Na kwa sababu hiyo hiyo, asikudanganye mtu kwamba kikiwepo cha kwenye dakti vya kwenye vyumba havihitajiki.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Siku hizi AHU nyingi zinaendeshwa kwa inveta, kifaa kinachobadilisha kasi ya feni, na usiku kasi inapunguzwa ili kuokoa umeme. Tofauti ya presha iliyo nzuri saa nne asubuhi inaweza kuporomoka chini ya kiwango saa nane usiku, wageni wakiwa wamelala. Mwombe fundi wa viyoyozi ashushe feni hadi kasi ya chini kabisa inayotumika pale, upime tena. Ikishuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, hilo ni la kuandikwa kwenye ripoti hata kama mchana linaonekana zuri.

Ukishapima presha, pima kwa moshi. Tumia dawa ya kupuliza iliyokubaliwa na mtengenezaji wa kifaa. Nimewaona watu wanachoma karatasi, wengine udi, wengine wanapuliza sigara. Usifanye hivyo, maana mabaki yake yanabaki kwenye kihisi. Kiwango cha NFPA 72 kinataka jaribio hili kila mwaka, na kinataka moshi uingie kweli kwenye chumba cha kihisi. Tena kwa vitambua moshi vyenye mirija kinataka tofauti ya presha ithibitishwe, kwa njia anayoikubali mtengenezaji. Unyeti wa kihisi nao unapimwa ndani ya mwaka wa kwanza tangu kifungwe, kisha kila baada ya miaka miwili. Mwonyeshe bosi wako maneno hayo kwa adabu.

Kusafisha hakuna siri: vuta vumbi kwa mashine, pitisha hewa kwenye mirija, kagua matundu, kizibo na mpira. Jengo likifanyiwa ukarabati wa plasta au jipsamu, usingoje zamu yako ya mwaka. Na kabla hujashuka ngazi, rudisha kila ulichokizima: feni iwake, dampa zifunguke, paneli itoke kwenye majaribio. Mpigie mtu wa kontroli akuthibitishie kwa mdomo wake.

Usiandike "nzima". Andika namba. Paskali ngapi kasi ya juu, paskali ngapi kasi ya chini, moshi uliingia au haukuingia, feni ilizima au haikuzima. Narudia, andika namba. Neno "nzima" kila mtu anaweza kulisaini akiwa amekaa kwenye gari, lakini namba inamtaka mtu apande juu. Bosi akikulazimisha kusaini usichokipima, mwambie kwa heshima kwamba utaandika ulichofanya tu: "imejaribiwa kwa sumaku, mirija haikupimwa". Huo ni ukweli, na hakuna wa kukulaumu kwa kuuandika. Inawezekana utanuniwa. Mimi nilinuniwa, nikabaki mzima. Riziki inatoka kwa Mungu, na roho za watu waliolala ghorofa za juu ziko mikononi mwako zaidi ya unavyofikiri.

Na ninyi wenye majengo, msiwaachie mafundi mzigo wote. Wengi wenu mmefunga silingi nzuri ya jipsamu bila kuacha mlango wa kufikia kitambua moshi, halafu mnamgombeza fundi anayetaka kukata. Wekeni milango hiyo. Mkiitisha bei za matengenezo mwaka huu, andikeni kwenye masharti kwamba mnataka tofauti ya presha ya kila kitambua moshi cha dakti kwa namba, feni ikiwa inazunguka, pamoja na jaribio la moshi mbele ya mtu wenu. Kampuni itakayosema hilo haliwezekani, msiipe kazi.