Nilinunua CNC ya daraja iliyotumika, na ukuta wangu ndio uliolipa

Ukifika karakana yetu hapa Nyakato, Mwanza, utaona ukuta wa nyuma una kiraka. Tofali zake ni mpya na rangi haikulingana, na wageni wengi huuliza kama kuna lori lilirudi nyuma likagonga. Hakuna lori. Niliuvunja mwenyewe kwa sababu ya mchoro mmoja ambao sikuusoma.

Mashine niliyonunua ni CNC, yaani ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta; inaitwa ya daraja kwa sababu nguzo mbili na boriti vimesimama juu ya meza, na meza yake ni ya mita 4 kwa 2. Nilikuwa na nafasi ya mita 9, nikapiga hesabu za haraka nikaona itaingia na nafasi ya kuegesha Noah itabaki. Kumbe kwenye aina ile nguzo mbili na boriti ya juu haziendi popote. Kinachotembea ni meza. Ili meza ya mita 4 ipite yote chini ya spindo, yaani mhimili unaozungusha kikataji, lazima iwe na pa kwenda mbele na pa kurudi nyuma, kwa hiyo kitanda chake kinazidi mita 8. Hapo hujaweka mkanda wa kutoa chenga za chuma, wala njia ya mtu kupita na spana mkononi. Ipo aina nyingine ambayo meza imetulia na daraja zima linatembea juu ya reli. Hiyo haili urefu sana, lakini bei yake iko juu na msingi wake una masharti zaidi. Kwa vyovyote, omba mchoro wa msingi kabla hujauliza bei.

Na kabla ya mchoro, fungua daftari lako la kazi. Kanda ya Ziwa kazi nzito zipo: fremu za krasha za migodini, nyumba za beringi za makarasha ya wachimbaji wadogo kule Geita, vitanda vya injini za boti, mashine za kushindilia marobota ya pamba. Mimi daftari nililifungua nikiwa nimeshalipa, nikakuta zaidi ya nusu ya kazi zangu kubwa ni kupanua matundu ya beringi ubavuni mwa kitu. Kazi hiyo boringi ya kulala, yaani mashine inayopanua matundu kwa ubavu, inaimaliza vizuri na kwa mtaji mdogo. Daraja ni la kitu kirefu na kipana kinachotaka uso wote usawazishwe kwa kufungwa mara moja. Kama kazi za namna hiyo hazikupi walau siku mbili kwa wiki, nunua boringi na hela inayobaki uezeke karakana.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe.

Nilisafiri hadi Osaka na fundi wangu wa umeme. Mashine ya kwanza ilikuwa imepigwa rangi ikapendeza. Muuzaji akaiwasha, spindo ikazunguka, meza ikaenda ikarudi kimya kimya. Nilikuwa tayari kutoa mkono. Fundi wangu akasema, "Bosi, subiri kwanza," akatoa saa ya kupimia kwenye begi, akaikamatisha kwa sumaku kwenye spindo, ncha yake ikagusa kipande cha chuma kilichofungwa mezani. Akaweka hendeli ya kusogeza meza kwenye hatua ya mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Akazungusha upande mmoja taratibu mpaka sindano ikawa inamfuata, kisha akageuza, akaanza kuhesabu kwa sauti hatua zinazopita kabla sindano haijashtuka.

Mwisho wa meza, sindano ilishtuka hatua ya tatu. Tukaihamisha meza hadi katikati ya safari yake, akarudia. Tatu, kumi, kumi na tano. Ilishtuka hatua ya ishirini na nane.

"Hii imelimwa katikati," akasema.

Sababu yake haihitaji digrii. Miaka yote mafundi wa pale walikuwa wakifunga kazi katikati ya meza, kwa hiyo skrubu ya gololi inayoisukuma imelika pale pale na miisho yake imebaki kama mpya. Kompyuta ya mashine inaweza kufidia ule mchezo, yaani kulegea kwa skrubu inapogeuzwa, lakini fidia yake ni namba moja kwa urefu wote. Ukiiweka ya kutosha katikati, miishoni inazidi. Ukiiweka ya miishoni, katikati inapwaya. Kwenye kompyuta za Fanuc za 16i, 18i na 31i namba hiyo inakaa kwenye mpangilio wa ndani uitwao parameta 1851. Omba kuiona. Ukikuta namba kubwa, ujue uchakavu umefunikwa shuka, na usomaji mzuri unaouona kwenye saa ni wa hiyo shuka. Tuliiacha mashine ile na rangi yake. Ya pili ilikuwa na kutu kwenye vifuniko na kioo kimoja kimepasuka, lakini sindano ilishtuka hatua ya tatu au ya nne kila mahali tulipopima. Ndiyo hii niliyo nayo.

Spindo usiipime ikiwa ya baridi. Izungushe nusu saa, ndipo uweke fimbo ya kupimia na uizungushe kwa mkono. Mdomoni nakubali iyumbe mikroni 5, ncha ya milimita 300 nakubali 15. Ikizidi hapo, beringi zake ziingize kwenye hesabu ya bei.

Halafu ikate chuma. Mwambie muuzaji akufungie bamba na alisawazishe kwa kikataji kipana, mistari miwili au mitatu inayopandana kidogo. Ikimaliza, pitisha ukucha kwenye mpaka wa mstari na mstari. Ukucha ukikwama, kichwa hakijasimama wima juu ya meza. Muuzaji anayesema haiwezekani kukata leo, muage kwa adabu.

Kabla hawajakata umeme kwa ajili ya kuifungua, chukua nakala ya parameta zote, programu ya ndani ya mashine na jedwali la marekebisho ya skrubu. Vingi kati ya vitu hivyo vinaishi kwa betri ndogo, na safari ya meli pamoja na kusubiri bandarini ni miezi. Weka betri mpya, na uibadilishe kompyuta ikiwa imewashwa. Ukiizima ukatoa betri, unaweza kufuta parameta zote za mashine.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mashine nyingi za Kijapani za miaka ya karibuni zina kifaa kinachohisi kuhamishwa. Ukiiwasha mahali papya inajifunga, na haifunguki mpaka mtengenezaji akupe namba, naye kwanza atataka kujua iko wapi na utatengeneza nini. Ni sheria zao za kuuza nje, kwa kuwa mashine zenye usahihi mkubwa zinaweza kutengeneza silaha. Muuzaji wangu hakulitaja. Nilikaa wiki kadhaa na mashine iliyosimama vizuri, ina umeme, na skrini inanitazama tu. Andika barua ya mtengenezaji ya kukubali kuifungua kwenye mkataba, iwe sharti la malipo ya mwisho.

Umeme. Japani mashine zinatumia volti 200 za fezi tatu, sisi tuna 400, kwa hiyo transfoma ni lazima, na ukubwa wake usome kwenye kibao cha mashine. Tena magharibi mwa Japani, Osaka ikiwemo, umeme ni wa hezi 60, wetu ni wa 50. Mota za spindo na meza hazijali, zinapitia kwenye draivu, kifaa kinachozipangia umeme wake. Pampu za hidroliki, pampu za maji ya kupozea na feni ndizo zinazopungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Soma kibao cha kila mota ndogo, moja moja, kama kimeandikwa 50 na 60 zote. Changu kimoja hakikuandikwa, na kilikuwa cha kipoza mafuta cha spindo.

Usafiri ulinitoa jasho lakini hauna siri. Toka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,100, na kikomo cha lori lenye mzigo ni tani 56, kwa hiyo mashine inakuja vipande: kitanda peke yake, meza peke yake, nguzo na boriti. Kipande kinachozidi upana kinataka kibali cha TANROADS, na kibali kiwe mkononi kabla kipande hakijapanda lobedi. Skrubu na reli zipakwe mafuta mazito ya kuzuia kutu kabla ya bahari. Jumla, kuileta na kuisimamisha kulikaribia bei niliyompa muuzaji.

Msingi ndio ulionifundisha Mwanza upya. Sisi wa hapa tunajivunia mawe, na nilijua kabisa kwamba jiji lililokaa juu ya mwamba halitanisumbua kwa msingi. Tukachimba. Upande wa mlimani jembe liligonga mwamba kwenye kina cha goti. Upande wa pili, mita 6 tu kutoka pale, ni kifusi na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha unavimba na kiangazi unapasuka. Kitanda cha mashine kikilala nusu kwenye jiwe na nusu kwenye udongo ule, upande mmoja utashuka na kitanda kitajipinda kama mkeka. Bora ingekuwa udongo mtupu. Ilibidi tupasue jiwe lishuke, tutoe mfinyanzi wote, tushindilie kokoto kwa unene mmoja, ndipo tukamwaga zege la tabaka mbili za nondo, juu na chini, likiwa limetengana na sakafu nyingine ya karakana. Siku 28 hakuna aliyeligusa ila wa kumwagia maji. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, kwani tunajenga daraja la Kigongo?" Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji.

Ilipokwisha kusimama tuliisawazisha kwa pima maji ya milimita 0.02 kwa mita. Tukarudia baada ya mwezi, tukakuta boliti nne zinataka kukazwa upya. Baada ya miezi sita, moja. Siku hizi tunaipima kila mvua za masika zikiisha.

Alamu ya joto kwenye kabati la umeme ilipiga mara tatu mwaka wa kwanza, na mara zote tatu tulikuta vichujio vya feni vimezibwa na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kufuata taa. Sasa vichujio vinasafishwa kila Jumatatu, na taa ya nje ya ukuta ule wenye kiraka tunaizima giza likiingia.