Wadogo zangu wa bendi, kabla ya kutafuta lebo wasikilizeni Cardiacs

Nimepiga besi kwenye bendi miaka mingi na kijana akija kwangu swali ni lilelile, "kaka, tutapata wapi lebo ya kutusaini?", yaani kampuni ya kuwatolea muziki. Siku hizi namwambia kwanza akaisikilize Cardiacs, bendi ya rock ya Uingereza ambayo hata kwao wengi hawaijui.

Walianza 1977 kule Kingston upon Thames, pembeni ya London, ndugu wawili, Tim Smith gitaa na kutunga, Jim Smith besi. Muziki wao mgumu, unabadilika spidi katikati ya wimbo, mara kelele mara kama kwaya. Hawakukaa kusubiri mtu awagundue, kazi za mwanzo kama Toy World ya 1981 na The Seaside ya 1984 walizitoa wenyewe kwenye kaseti, na lebo wakaanzisha yao, Alphabet Business Concern.

Sasa msidhani kuwa na lebo yako ndo hela. Hapana. Ni kubeba maboksi, kufuata madeni, kujibu barua za mashabiki saa sita usiku. Ila masta, yaani rekodi halisi za nyimbo, zinabaki kwako, hakuna bosi wa kukwambia wimbo ni mrefu mno upunguze, na hakuna wa kuifungia albamu yako kabatini kwa sababu amegombana na meneja wako.

Kingine, shoo za kufungulia bendi kubwa. Mwaka 1984 walizunguka na Marillion, bendi nyingine ya rock ya Uingereza, mashabiki wa Marillion wakawazomea na kuwarushia vitu mpaka Fish, mwimbaji wa Marillion mwenyewe, akatoka jukwaani kuwakemea watu wake. Kwahiyo mkipewa nafasi kama hiyo msiangalie ukubwa wa ukumbi tu, ulizeni watu wanaokuja wanapenda nini, na mkishakubali pigeni seti yenu mpaka mwisho hata wakinuna.

Wimbo wao uliofika mbali zaidi, Is This the Life wa 1988, uliishia namba 80 kwenye chati ya Uingereza. Namba 80! Kwa hesabu za leo mngesema wamefeli, lakini 1995 Blur, bendi ya Uingereza iliyokuwa juu kabisa wakati huo, waliwaita wapige kwenye shoo yao ya uwanja wa Mile End, London, na 1996 wakatoa Sing to God, albamu ya diski mbili, ambayo kwangu mimi ndo kazi yao bora na ningependa kila mtunzi aisikilize hata mara moja.

Halafu 2008 moyo wa Tim ukasimama ghafla na ubongo wake ukaathirika, hakupanda jukwaani tena. Wanamuziki wakarekodi nyimbo zake kwenye albamu ya 2010 kusaidia matunzo yake, na 2018 mashabiki wakachanga kwa ajili ya matibabu. Mashabiki wenyewe sio wengi, ila hawakumwacha. Alifariki 2020.

Albamu iitwayo LSD, ambayo Tim aliiacha haijaisha, Jim na wenzake waliimalizia, ikatoka 2025. Iliwezekana kwa sababu rekodi zilikuwepo na zilikuwa mikononi mwao wenyewe. Kwahiyo leo hii, kabla ya mazoezi yanayofuata, kila sauti mliyorekodi ya kila wimbo wenu iwekwe kwenye hard disk mbili, kila moja nyumba yake, na muandike kwenye karatasi nani katunga nini, wote msaini.