Hopsi za Marekani: majibu kwa wapika bia wa Bukavu

*Napika lita 20 nyumbani, Ibanda. Rafiki ananiambia Citra, muuzaji anasema Cascade. Nifuate nani?*

Ndugu yangu, mfuate muuzaji, kwa leo tu. Zote mbili ni aina za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Cascade ilitoka Oregon mwaka 1972, na inanukia ganda la balungi na maua. Asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, ni kama asilimia 5 hadi 7, kwa hiyo ukizidisha gramu chache hakuna atakayekunja uso. Citra inapita asilimia 11. Harufu yake ni embe, ndimu na marakuja, tamu kweli, lakini mkono ukiteleza kidogo tu utaijutia. Pika Cascade mara mbili au tatu, halafu uhamie Citra. Mosaic, aina nyingine, binti wa hopsi iitwayo Simcoe, inasifiwa sana. Wengine wanasikia matunda ya porini, mimi nasikia vitunguu.

*Nilitia hopsi yote mwanzoni nikachemsha saa nzima. Bia ni chungu kama kinini, na harufu hakuna.*

Mama, harufu ilipanda na mvuke, majirani ndio walioifaidi. Uchungu unataka kuchemshwa; mafuta ya harufu ni mepesi, hayavumilii moto. Ukirudia lita 20 kwa Cascade, tia gramu 15 mwanzoni. Zima moto, ngoja sufuria ishuke hadi nyuzi 80 hivi, tia 30, funika dakika 20, kisha poza haraka. Gramu 40 za mwisho ziingie uchachu ukishatulia, zikae siku tatu, uzitoe. Hizo za mwisho ndizo zinazomfanya mtu anuse glasi kabla ya kunywa.

Jambo moja la kwetu: Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Uchungu unatoka polepole kuliko wanavyoandika watu wa pwani, basi usishangae ukilazimika kuongeza gramu kadhaa katika zile za mwanzo.

*Pakiti imefika na tundu dogo. Niitupe?*

Usiitupe kabla hujainusa. Chukua vidonge viwili vya hopsi iliyosagwa na kubanwa, visugue viganjani mpaka vipate joto. Vikiwa kijani na vinanukia balungi, vipike wiki hii. Vikiwa vya kahawia na vinanukia jibini kuukuu, acha. Mimi niliwahi kununua pakiti kwa bei ya bure, nikasikia soksi kabisa, na kwa uchoyo nikaipika vilevile. Lita 20 zikaenda mferejini, na mke wangu amesimama mlangoni anatazama. Adui wa hopsi ni hewa, joto na mwanga. Ifunge bila hewa, iweke kwenye kigandishi, na kwa jinsi umeme wetu unavyokatika, nunua pakiti ndogo za kupika mara moja.

*Naweza kuipanda Kabare nikaacha kuagiza?*

Mmea utaota, Mzee, maua ndiyo yatakayokusumbua, na hopsi ni maua. Unahitaji siku ndefu ili urefuke kwanza kabla ya kuchanua: kule Yakima, jimbo la Washington, mwezi wa sita mwanga unakaribia saa 16. Sisi tuna 12 mwaka mzima. Utachanua mapema ukiwa bado mfupi, na maua utakayovuna ni machache. Shamba la Kabare lipe ndizi, nami nitakuja siku ya kasiksi, bia yetu ya ndizi.